Kambale wa Lubumbashi: tumvue, tumfuge au tumwepuke?

Mjini Lubumbashi kambale amezua maswali mengi, na majibu yanayotolewa yanapingana. Katika mtaa wa Makomeno, komini ya Lubumbashi, wapo wanaomla kila wiki na bukari bila wasiwasi wowote. Wapo wasiomgusa kwa sababu dini yao inakataza samaki asiye na magamba. Wengine wanasema anaishi katika matope yenye sumu za migodi, kwa hiyo kumlisha mtoto ni hatari. Na siku hizi wapo waliotandika turubai ndani ya parseli, wakatia maji na vifaranga, wakiamini kwamba samaki huyu ndiye atakayelipa karo za watoto.

Wote hao wana sehemu ya ukweli mkononi. Tatizo ni kwamba wanazungumzia samaki tofauti kana kwamba ni mmoja. Kambale wa bwawa, kambale wa mto Luapula na kambale wa mto unaopita chini ya viwanda hawafanani kwa usalama, ingawa kwa sura hawatofautiani. Uchambuzi huu unaanza na maumbile ya ukoo wa samaki hawa, unapita kwenye historia iliyozaa mkanganyiko, kisha unapima misimamo inayoshindana. Hoja yake kuu ni hii: ustahimilivu wa kambale ndio fadhila yake na ndio hatari yake. Samaki anayeishi pale wenzake wanapokufa anaweza kulisha mji, lakini hawezi kutuonya kwamba maji yameharibika.

Ukoo wa samaki wenye sharubu

Duniani kuna maelfu ya spishi za samaki wenye sharubu wasio na magamba, waliogawanyika katika familia nyingi. Huku Katanga, samaki wa familia kadhaa hukutana kwenye meza moja ya sokoni. Wapo wenye miiba mikali ya mapezi na mgongo ulioinuka, kama jamii ya Synodontis. Wapo wa jamii ya Chrysichthys na Auchenoglanis, wanaovuliwa sana katika ziwa Mweru. Yupo hata kambale wa umeme, Malapterurus, anayeweza kumpiga mvuvi mshtuko wa nguvu. Hao wote si wa familia tunayoizungumzia hapa.

Familia yetu huitwa kitaalamu Clariidae. Ina spishi zaidi ya 100 barani Afrika na Asia. Mwili wake ni mrefu, kichwa ni bapa na kigumu kama mfupa mtupu, sharubu ni jozi nne, na pezi la mgongoni limenyooka karibu urefu wote wa mgongo. Anayejulikana zaidi ni Clarias gariepinus, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1822. Anaweza kufika mita 1.7 na kilo 60, ingawa wa ukubwa huo ni nadra siku hizi. Jamaa yake mkubwa ni Heterobranchus longifilis, ambaye wavuvi wa Mweru na Luapula humwita sampa. Huyu hutambulika kwa pezi la pili la mgongoni, laini na lenye mafuta, linalofuata lile la kwanza. Naye anaweza kuzidi kilo 50.

Familia hii ina matawi mengine ambayo wakazi wa mji hawayaoni mara nyingi. Ziwa Tanganyika lina Dinotopterus cunningtoni, samaki mkubwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ziwa Malawi lina kundi lake la Bathyclarias. Katika mabonde ya Luapula na Lualaba wapo Clarias wadogo kadhaa, wakiwemo Clarias ngamensis na Clarias stappersii, wanaochanganywa na gariepinus kila siku kwa sababu wakishakaushwa kwa moshi hawatofautishiki tena.

Mkanganyiko huo haukuwapata wanunuzi peke yao. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walimpa gariepinus majina tofauti: lazera upande wa kaskazini, mossambicus upande wa mashariki. Ni Guy Teugels, mtafiti wa jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, aliyeonyesha katika miaka ya 1980 kwamba hao ni spishi moja iliyoenea karibu bara zima. Jambo hili lina matokeo makubwa kwa mfugaji. Vifaranga vinavyotoka nchi ya mbali vinaweza kuwa spishi ileile ya mto wetu, lakini vya ukoo uliotengana nao kwa muda mrefu sana.

Maumbile yanayoeleza kila kitu

Mabishano yote kuhusu kambale yanarudi kwenye mambo manne ya maumbile yake.

La kwanza ni kupumua. Juu ya mashavu yake, ndani ya chumba kilichojificha, ana kiungo chekundu chenye matawi mengi kinachochota oksijeni kutoka hewani. Ndiyo maana hupanda juu kuchukua pumzi, huishi katika maji yaliyochafuka, huvumilia matope ya kiangazi, na usiku wa mvua huweza kujisogeza nchi kavu kwa miiba ya mapezi yake ya kifuani mpaka dimbwi lingine. Lakini kifaranga hazaliwi na kiungo hicho. Katika siku zake za mwanzo hutegemea mashavu na ngozi, na hapo ni dhaifu kama samaki mwingine yeyote.

La pili ni chakula. Kambale hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, mbegu, mizoga. Huwinda zaidi usiku, kwa sharubu zinazoonja na kwa vihisi vya ngozi vinavyotambua umeme hafifu unaotolewa na viumbe wengine. Katika delta ya Okavango, nchini Botswana, makundi makubwa ya kambale huwinda pamoja maji yanapopungua, wakiwasukuma samaki wadogo kutoka kwenye matete. Huyu ni mwindaji kamili, na wanaomdhani mla takataka tu wanamwona nusu. Hata hivyo muda mwingi hukaa sakafuni mwa maji, na sakafuni ndiko mashapo na kila kilichomo ndani yake hutulia.

La tatu ni uzazi. Mvua za kwanza zikijaza mito, kambale waliokomaa hupanda kwenda kwenye mabonde ya nyasi yaliyofurika. Jike hutaga mayai makumi ya maelfu, yanayoganda kwenye majani. Hakuna mzazi anayeyalinda. Huanguliwa baada ya takriban siku moja au moja na nusu kwa kutegemea joto, na kizazi kizima hutegemea bonde hilo libaki na maji kwa wiki chache.

La nne ni ukuaji. Katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, kambale aliyelishwa vizuri hukua upesi kuliko samaki wengi wa mito yetu. Lakini hakui kwa usawa. Katika kundi moja wachache huwapita wenzao, na wakishawapita huwameza. Ulaji huo wa ndugu unaanza mapema sana, na ndio unaomwacha mfugaji mgeni akijiuliza vifaranga vyake vimekwenda wapi bila kuona mzoga hata mmoja.

Mkanganyiko ulikotoka

Lubumbashi ilijengwa juu ya shaba. Tanuru la kampuni ya Union Minière lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na maelfu ya wafanyakazi walihitaji mboga. Samaki walitoka Kasenga, kwenye mto Luapula, yapata kilomita 200 kutoka mjini, ambako wafanyabiashara wa Kigiriki waliendesha biashara ya barafu na malori. Uvuvi huo ulikuwa mkubwa kiasi cha kumaliza karibu kabisa samaki aina ya mpumbu, Labeo altivelis, aliyekuwa akivuliwa wakati akipanda mto kutaga mayai. Hilo ni somo la kwanza ambalo mji ulipewa: samaki anayesafiri kwenda kuzaa ni rahisi kuvuliwa, na ni rahisi kumalizwa.

Serikali ya kikoloni ilitafuta njia nyingine, nayo ikawa mabwawa. Baada ya vita vya pili vya dunia, kituo cha Kipopo karibu na mji kilikuwa mahali pa majaribio ya ufugaji wa tilapia, na mwaka 1949 mkutano wa Waingereza na Wabelgiji kuhusu ufugaji wa samaki ulifanyika hapahapa, Elisabethville ya wakati huo. Ilipokaribia mwaka 1960 Kongo ilihesabiwa kuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Mengi yaliachwa baada ya uhuru. Sababu za kisiasa zilikuwepo, lakini ilikuwepo pia sababu ya kibiolojia: tilapia huzaana mapema mno, bwawa likajaa samaki wengi wadogo wasiostahili hata kukaangwa. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa mwindaji wa kupunguza watoto wa tilapia, na mmoja wa wawindaji hao ni kambale.

Wakati huohuo kiwanda na migodi viliacha alama nyingine. Mto Lubumbashi huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na Luapula huishia Mweru. Kwa miongo mingi maji na vumbi la viwanda vimebeba shaba, kobalti, risasi na kadmiamu mpaka kwenye mashapo ya mito hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wakazi wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine kwa wingi usio wa kawaida katika mkojo wao. Tangu hapo swali la kile tunachokula halikutulia tena.

Ndiyo maana leo kambale anabeba historia tatu kwa pamoja: ya mto uliovuliwa kupita kiasi, ya bwawa lililoachwa, na ya maji yaliyochafuliwa. Kila msimamo unaofuata umeshika mojawapo.

Msimamo wa kwanza: tuvue wa mtoni

Wanaotetea kambale wa mtoni wana hoja nzito. Hahitaji chakula cha kununuliwa, hahitaji umeme wala turubai. Akikaushwa kwa moshi hudumu bila barafu, akasafiri kutoka Kasenga, Kilwa au Bukama hadi masoko ya mjini ya Mzee na Kenya bila kuoza. Anawapa kazi wavuvi, akina mama wanaokausha, wenye magari na wauzaji. Wapishi wengi pia wanasema ladha yake haina mfano, na hawakosei: samaki aliyekula vitu vingi tofauti katika maji yanayotembea hana ile harufu ya matope inayojitokeza kwenye baadhi ya mabwawa.

Udhaifu wa msimamo huu uko katika uzazi. Kambale huvuliwa kwa urahisi zaidi wakati uleule anapokwenda kutaga. Uzio wa matete ukiwekwa kwenye mlango wa bonde lililofurika, majike yenye mayai hunaswa kabla hayajazaa. Ukiwekwa maji yanaporudi, vifaranga hunaswa kabla havijafika mtoni. Nyavu za chandarua humaliza waliobaki. Upande wa Zambia uvuvi wa Mweru na Luapula hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, miezi ambayo ni ya mvua na uzazi. Kufungwa huko kuna maana pale tu kingo zote mbili zinapokuheshimu, kwa sababu samaki hajui mpaka wa nchi.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani sokoni. Moshi hutoka kwenye kuni, na misitu ya miombo inayouzunguka mji tayari inaliwa na makaa. Kilo ya kambale mkavu imebeba ndani yake sehemu ya mti.

Kwa hiyo mto unaweza kulisha mji, lakini si mji wa ukubwa huu peke yake, na si kwa njia tunazozitumia sasa. Kumtegemea kambale wa mtoni bila kuheshimu miezi ya uzazi ni kurudia historia ya mpumbu.

Msimamo wa pili: tumfuge parseli kwa parseli

Msimamo wa pili ndio unaovutia vijana wengi. Hoja yake kuu ni ile ya kupumua. Kwa kuwa kambale anachukua hewa juu ya maji, mfugaji anaweza kuweka samaki wengi katika nafasi ndogo ambayo tilapia wasingevumilia hata usiku mmoja. Umeme ukikatika, kama unavyokatika mara kwa mara mjini, samaki wakubwa hawafi kwa kukosa oksijeni. Kisima cha parseli kinatosha kujaza tangi. Katika mabwawa ya nje ya mji, kambale wachache pamoja na tilapia huzuia watoto wa tilapia kujaa, na hivyo kutibu ugonjwa ulioua mabwawa ya zamani.

Teknolojia yake pia inajulikana. Tangu miaka ya 1970, kwa tafiti zilizoanzia Bangui na kuendelezwa Uholanzi, njia ya kumzalisha kambale kwa homoni imekuwa ya kawaida. Jike hudungwa sindano, mayai hukamuliwa baada ya saa kadhaa, kisha huchanganywa na mbegu za dume. Shida ni kwamba dume hakamuliki, kwa hiyo kwa kawaida huchinjwa ili kutoa korodani zake. Mwaka 1996 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilichapisha mwongozo mzima wa kazi hiyo kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Nigeria imejenga juu ya samaki huyu sekta kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Uganda imepiga hatua kubwa pia.

Lakini Lubumbashi si Lagos. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti usiku huwa baridi. Juni na Julai joto la hewa huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Maji ya bwawa yanapopoa, kambale hula kidogo na hukua kidogo. Hesabu ya miezi sita iliyofanywa kwenye mji wa joto inaweza kurefuka sana huku kwetu. Mfugaji anayeweka vifaranga Aprili anawapeleka moja kwa moja kwenye baridi. Anayeweka Septemba anawapa miezi yote ya joto. Tofauti hiyo ya kalenda peke yake inaweza kuamua faida au hasara.

Gharama kubwa kuliko zote ni chakula. Kambale ni mwindaji, kwa hiyo anahitaji protini nyingi, kwa kawaida zaidi ya theluthi moja ya chakula chake. Chembe bora zinazoelea hununuliwa kwa bei ya juu, na nyingi huingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Anayetafuta unafuu hutumia ndagala waliosagwa, na hapo kunazuka swali gumu: ndagala ni mboga ya maskini. Kuwageuza chakula cha samaki wa bei ghali ni kuondoa protini kwenye sahani moja na kuiweka kwenye nyingine. Wengine hutumia matumbo ya kuku na mabaki ya machinjio. Njia hiyo ni nafuu na inaweza kuwa salama mabaki yakipikwa, lakini yakitupwa mabichi huchafua maji na kueneza vijidudu.

Kuna pia maji yanayotoka. Tangi lenye samaki wengi hutoa amonia na uchafu kila siku. Katika mtaa kama Makomeno, ambako parseli zinapakana ukuta kwa ukuta, maji hayo yakimwagwa barabarani huleta harufu, mbu na ugomvi wa majirani. Yakielekezwa kwenye bustani za mboga huwa mbolea nzuri. Ufugaji bila bustani, mjini, ni kazi iliyokamilika nusu.

Mwisho ni vifaranga. Kama tulivyoona, wiki za kwanza ndizo dhaifu, na ndizo zinazohitaji pampu ya hewa, maji safi, chakula hai na kuwatenganisha kwa ukubwa kila siku chache. Kukatika kwa umeme ambako hakumdhuru kambale mkubwa kunaweza kumaliza vifaranga wote kwa saa chache. Wanaofaulu zaidi kwa kawaida hawajaribu kufanya yote. Wananunua vifaranga waliokwisha kuvuka hatari hiyo.

Msimamo wa tatu: tumwepuke

Wanaomwepuka kambale wamegawanyika katika makundi mawili, na ni makosa kuwajibu kwa jibu moja.

Kundi la kwanza ni la imani. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inaruhusu samaki wenye mapezi na magamba na kuwakataza wengine. Waadventista wa Sabato wanafuata mafundisho hayo. Wakatoliki na Wamethodisti hawafungwi nayo. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wa Kisunni wanaruhusu samaki wote, ilhali mafundisho ya Kishia ya Maimamu kumi na wawili yanadai magamba. Biolojia haina mamlaka ya kuamua swali hili, wala haipaswi kujaribu. Inaweza kusema jambo moja tu: kukosa magamba si dalili ya sumu. Ngozi ya kambale inalindwa na ute. Asiyemla kwa imani yake ana haki yake kamili, lakini hahitaji kumwambia jirani kwamba samaki huyo ni ugonjwa.

Kundi la pili ni la wanaoogopa metali, na hofu yao ina msingi. Katika mito iliyopokea taka za migodi, metali hutulia kwenye mashapo. Kambale anakula humohumo. Kiasi kisichomuua kinaweza kujikusanya mwilini mwake kwa miaka, na kambale mkubwa ana miaka mingi. Katika samaki kwa jumla, ini, figo na mashavu hubeba shaba na kadmiamu nyingi kuliko nyama. Kwa hiyo kutoa matumbo na kukata mashavu kunapunguza sehemu ya hatari. Hakuiondoi yote. Kuchemsha, kukaanga na kukausha kwa moshi kunaua vimelea, lakini hakuna moto wa jikoni unaotoa risasi ndani ya nyama.

Hapa ndipo ustahimilivu wake unapogeuka hatari. Mto ukipoteza oksijeni kwa taka, samaki wengine hufa na watu huona. Kambale hupanda juu, huvuta hewa na kuendelea kuishi. Mvuvi anayemkuta hai huamini kwamba maji ni mazima, lakini uhai wake hauthibitishi hivyo.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unahukumu ukoo mzima kwa kosa la mto mmoja. Kambale wa bwawa la maji safi hakushiriki mashapo ya Kafubu. Na anayemwepuka kambale huku akila mboga zilizomwagiliwa kwa maji ya mto uleule, au akiishi katika vumbi la barabara ya migodi, bado hajajilinda. Metali huingia kwa vumbi, kwa maji na kwa chakula pamoja; samaki ni mlango mmojawapo.

Mbegu za kigeni na mahuluti

Kuna suala moja ambalo wafugaji wengi hawalizungumzi. Mwaka 1985 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya kuchanganya Clarias gariepinus na Heterobranchus longifilis. Watoto wa mchanganyiko huo, wanaoitwa na wafugaji Heteroclarias, hukua haraka na hupendwa katika nchi kadhaa. Faida ni ya leo. Hatari ni ya kesho. Mahuluti wakitoroka wanaweza kuchanganyika na samaki wa porini.

Mifano ipo. Nchini Thailand, gariepinus aliyeletwa kutoka Afrika alichanganywa na kambale wa kienyeji, Clarias macrocephalus, na watafiti wamekuta damu ya mgeni ndani ya samaki wa porini. India ilimpiga marufuku gariepinus lakini ufugaji wake uliendelea kwa siri. Afrika Kusini, handaki la maji lililounganisha mto Orange na Great Fish mwaka 1975 lilimpa gariepinus njia ya kufika mito ambayo hakuwahi kuwamo. Na ziwa Victoria linatukumbusha kwamba ukoo huu pia unaweza kupoteza: Xenoclarias eupogon, kambale wa vina virefu wa ziwa hilo, yuko ukingoni mwa kutoweka, kama hajatoweka tayari, baada ya sangara kuingizwa katika miaka ya 1950.

Kwetu gariepinus na sampa ni wenyeji. Hiyo ni bahati, kwa sababu hatuhitaji spishi ya kigeni. Lakini ni sababu pia ya kuwa waangalifu zaidi: mgeni anayefanana na mwenyeji hachujwi na mtu yeyote. Tangi linalovunjika Makomeno wakati wa mafuriko linamwaga samaki wake kwenye mfumo uleule wa maji unaoishia Mweru.

Kuipima misimamo yote

Tukiiweka misimamo yote kwenye mizani, tunaona kwamba kila mmoja una nguvu mahali pake na unakosea unapojitanua.

Uvuvi una nguvu kama hazina ya taifa: bila samaki wa porini hakuna mbegu ya kufugwa kesho. Unakosea unapodai kulisha mji peke yake. Ufugaji una nguvu kama njia ya kuongeza samaki bila kuumaliza mto, na kama njia pekee inayomruhusu mnunuzi kujua samaki wake alikunywa maji gani. Unakosea unapouzwa kama utajiri wa haraka, kwa hesabu zisizojua baridi ya Julai wala bei ya chembe. Tahadhari ina nguvu kuhusu mito iliyochafuliwa. Inakosea inapogeuka hofu ya samaki badala ya hofu ya uchafuzi.

Msimamo unaostahili kubebwa, kwa maoni ya mchambuzi huyu, ni wa ufugaji wa wastani unaokingwa na masharti. Hauahidi mengi, lakini unaendana na maumbile ya samaki mwenyewe na hali ya hewa ya mji. Masharti yenyewe yanaweza kufupishwa.

Maji kwanza. Kisima kilicho karibu na mgodi, kiwanda au mto uliopokea taka kipimwe metali kabla ya kifaranga wa kwanza kuingia. Mji una chuo kikuu chenye wataalamu wa kemia na wa samaki; kupima maji ni huduma ambayo mkoa unapaswa kuifanya rahisi na nafuu kwa wafugaji wadogo.

Pili, mbegu. Vifaranga vitoke kwenye kituo kinachojulikana, vya gariepinus wa mabonde yetu ikiwezekana, na mahuluti wasiwekwe mahali panapofurika.

Tatu, kalenda. Vifaranga viingie maji yanapoanza kupata joto, na mauzo yapangwe kabla ya baridi.

Nne, mto. Miezi ya mvua iheshimiwe pande zote mbili za Luapula, na nyuzio kwenye milango ya mabonde ziondolewe wakati wa kutaga.

Tano, mnunuzi. Aulize samaki ametoka wapi. Akiwa wa mto uliochafuliwa, amwache, hasa kwa ajili ya mama mjamzito na mtoto mdogo. Asipopata jibu, angalau atoe ini, matumbo na mashavu, na asimfanye kambale huyo kuwa mboga ya kila siku.

Kwa ufupi

Kambale wa familia ya Clariidae si samaki mmoja, na swali la kama ni mzuri au mbaya halina jibu moja. Ni mwindaji mwenye uwezo wa kupumua hewa, anayezaa kwa wingi kwenye mafuriko na kukua haraka kwenye joto. Sifa hizo zinamfanya afae kufugwa penye nafasi ndogo na umeme usiotegemeka, na sifa hizohizo zinamruhusu kuishi kwenye maji ambayo hayafai kumlisha mtu. Mtoni alindwe wakati wa uzazi, mfugaji amlishe kwa hesabu ya kweli, mwenye imani aachwe na imani yake, na aliyechafua maji ndiye aulizwe. Lubumbashi inaweza kula kambale kwa amani, mradi tujue kila mara ametoka kwenye maji gani.